Gia Iliyomkataa Mdogo Wangu

Mume wangu ni fundi wa magari, na mdogo wangu ni dereva wa lori. Mwezi ule, nikiwa katikati yao, nilikoma.

Lori lenyewe ni kuukuu, mali ya tajiri mmoja anayeuza mchanga na kokoto. Mdogo wangu, ambaye watu humwita Sabuni kwa jinsi anavyopenda usafi, alilileta gereji akisema gia zinasaga. Akitia namba moja au rivasi, inatoka kelele chini utadhani mtu anaburuta mabati kwenye saruji. Mume wangu akaangalia oili ya giaboksi, akarekebisha klachi, akapanda kulijaribu. Gia zikaingia kimya. Akamrudishia funguo. Jua halijazama, lori limerudi, linasaga vilevile.

Mchezo huo ukaendelea mpaka nikachoka kuusikia. Mume wangu alishusha giaboksi nzima, akaosha gia moja moja kwa dizeli na kukagua meno yake. Yalikuwa yamelika kidogo kwa uzee, lakini si ya kupiga kelele zile. Akabadilisha sahani ya klachi. Akiendesha yeye, halilii. Akiendesha Sabuni, linalia. Nyumbani hakukaliki. Mume wangu anakula kwa mkono mmoja, wa pili unabadili gia hewani, na nikimwuliza jambo la watoto ananijibu la klachi.

Mwishowe uvumilivu ukamwishia. Tajiri alipopita kuuliza lori lake lina nini, mume wangu akasema mbele ya mafundi wote kwamba lori ni zima, ila dereva hajui kukanyaga klachi. Tajiri hakubishana. Alimwambia Sabuni amalizie wiki, kisha akabidhi funguo.

Nilipopata habari nilichemka. Mtu kazeekea kwenye usukani, ana watoto wanaomtazama, halafu unga wake unamwagwa na shemeji yake mwenyewe. Kesho yake nikaenda gereji, na sikubeba hata chai. Sabuni alikuwa amesimama kando ya lori. Mume wangu alikuwa anajiandaa kulijaribu tena, maana dhamira ilikuwa inamsuta na hataki kusema. Nikakaa juu ya tairi, nimenuna, nikimwangalia.

Alifungua mlango, akatoa zulia. Sabuni alikuwa ametandika chini zulia nene, kipande kilichobaki aliponunua la sebuleni mwezi uleule. Mume wangu alilikunja taratibu, akaliweka kwenye kiti cha abiria, ndipo akapanda na viatu vyake vya oili. Gia zikaingia kimya, kama kawaida yake. Akashuka, akalitandika tena kama alivyolikuta.

Nikamwuliza, kwa ukali uleule niliokuja nao, anahangaika nini na zulia la watu.

"Nisimchafulie," akasema. "Unamjua ndugu yako. Kila nikipanda nalitoa kwanza."

"Na yeye akiendesha, analitoa?"

Alipiga magoti mlangoni, akakandamiza pedeli ya klachi kwa mkono. Ikashuka, ikagota kwenye zulia. Klachi ya lori lile haiachii mpaka pedeli ifike chini kabisa, na kwa mdogo wangu haikuwa inafika, ndiyo maana gia zikasaga. Akavuta zulia, akakandamiza tena, pedeli ikagusa bati.

Sabuni akapanda, akatia rivasi. Lori likarudi nyuma kimya. Nilidhani atacheka. Alizima injini, akabaki ameshika usukani.

"Mwezi mzima, shemeji," akasema. "Umefungua kila kitu. Hukupanda na mimi hata mara moja, ukae hapo pembeni unione navyoendesha."

Mume wangu alilikunja zulia, safari hii bila kujali oili mikononi mwake, akalitia kwapani na kuelekea ofisini kwa tajiri. Sabuni aliliona linavyochafuka, asiseme kitu.