Dada Aliporudi Kutoka Kwenye Moto

Dada yangu ni askari wa misitu. Mwaka ule alikuwa amepangiwa msitu wa hifadhi katika nyanda kame za kati, ambako kiangazi majani hukauka mpaka yanalia chini ya viatu. Mimi na mama tulibaki mjini, Mchafukoge, na duka letu la vitenge lilikuwa Kariakoo.

Habari za msitu kushika moto tulizisikia redioni tukiwa dukani. Mama akampigia dada, hapatikani. Akapiga tena na tena, mteja amesimama na kitenge mkononi anasubiri bei. Siku zilizofuata hatukujua lolote zaidi ya kwamba moto ule uliwashwa na mtu.

"Huyo mtu nikimtia mikononi!" mama alisema.

Dada alitokea mchana mmoja bila taarifa, nyusi zimeungua, midomo imepasuka. Mama alimshika uso kwa mikono miwili. Jirani yetu Mhindi wa mlango wa pili, aliyekuwa akimuulizia kila asubuhi, alileta bakuli la wali wa dengu. Dada akala, akalala mpaka kesho yake.

Alipoamka mama akamuuliza kama aliyewasha moto amekamatwa.

"Alikuja mwenyewe," dada alisema. "Ni mrina asali. Alifukuza nyuki kwa moshi, akadhani kijinga chake cha moto amekizima. Tulipozidiwa, yeye ndiye aliyekuwa mbele akiupiga moto kwa matawi. Sikujua. Ulipozimika akanifuata, akasema, 'Afande, ni mimi.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikampeleka polisi, mama. Njiani nilimpa maji yangu."

Nilitegemea mama atalaani. Badala yake akauliza, "Ana watoto?"

"Sikumuuliza. Niliogopa kujua."

Yule mrina asali alifungwa. Dada alitoa ushahidi, akaeleza pia jinsi mtu yule alivyopambana na moto, lakini hajui kama ilimsaidia. Mimi huwaza kwamba mrina yule angeweza kujiondokea zake, hakuna aliyemwona. Sina uhakika kama mimi ningebaki.

Siku hizi dada akipiga simu hutuambia wapi msituni pamechipua na wapi bado ni majivu. Mama humsikiliza mpaka amalize.

"Na yule bwana," huuliza, "ameshatoka?"

"Bado, mama."