Sauti ya Karai Ufukweni

Pale stendi, kibanda cha mwisho kabla ya choo cha kulipia, kuna mwanamke ambaye huu ni mwaka wake wa thelathini na mbili akikaanga samaki. Wanamwita Mama Karai, na jina hilo limemkaa kuliko lile alilopewa na baba yake. Karai lenyewe ni pana kama beseni la kuogeshea mtoto, jeusi tititi, sikio moja limepinda. Hakuna anayeruhusiwa kuligusa. Mke wa mwanawe aliwahi kulisugua kwa nia njema kabisa, likang'aa, akanuniwa mwezi mzima.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba Mama Karai alikuwa haoni vizuri. Jicho la kushoto liliingia moshi tangu mvua za mwaka juzi, la kulia nalo likafuata nyuma polepole kama linaona aibu. Hakumwambia mtu. Kutoka geti la stendi mpaka kibandani ni hatua sitini na moja, alizihesabu. Wateja aliwajua kwa kikohozi, kwa viatu, kwa namna mtu anavyosema "mama, nipatie mkia." Na samaki aliwakaanga kwa masikio. Kibanda kina mabati pande tatu, sauti haipotei humo. Samaki akitumbukia, mafuta yanapiga makelele. Kisha yananung'unika. Maji ya samaki yakishakauka, mafuta yanabaki kunong'ona tu, na hapo ndipo anageuza. Wanaokaanga kwa kutazama rangi, kwake yeye, bado wanajifunza.

Mwanawe ni fundi umeme, mtu wa maneno machache na macho mengi. Wiki moja kabla ya sikukuu alimwona mama yake na kovu bichi kwenye kifundo cha mkono.

"Mama, hii nini?"

"Mafuta yameruka. Kwani wewe umeme haujawahi kukupiga?"

"Mimi naona nyaya zangu." Aliugeuza ule mkono, akautazama. "Nikijua tu kwamba macho yamechoka, kibanda nakifunga siku hiyo hiyo. Mafuta ya moto si mchezo."

"Nakuona mpaka unachofikiri," alisema Mama Karai, na akampa kisogo.

Lakini tangu siku hiyo hakutulia. Usiku anageuka, mchana anahesabu hatua mara mbili. Kibanda kikifungwa atakaa wapi? Kwenye kochi la mwanawe, aambiwe "bibi, inua miguu tufagie"? Alikuwa amewalea watu kwa karai lile. Hakuwa tayari kulelewa.

Ndipo likaja hilo la kwenda baharini. Sikukuu inaangukia mwisho wa wiki, mwanawe kaazima pikapu ya bosi wake, na wote wanakwenda: yeye, mkewe ambaye ni fundi cherehani, na binti yao wa miaka tisa ambaye kwa kusema kwake wamempa jina la Kasuku.

"Mimi niacheni," alisema Mama Karai. "Maji ya chumvi nimeshayaona."

"Na samaki atakaanga nani?" aliuliza Kasuku. "Mama yangu akikaanga wanakuwa kama soli."

"Sikia huyu," alisema mama mtu, lakini hakubisha.

Mama Karai akaona mtego pande zote mbili. Akikataa, mwanawe atajiuliza kwa nini. Akikubali, itabidi akaange mbele yake. Akakubali. Samaki kumi na wanne aliwapara mwenyewe, akawachanja, akawapaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu, akawafunga kwenye ndoo yenye barafu. Jiko la mkaa, kopo la mafuta, karai. Njiani alilipakata karai mapajani kama mtu anayempeleka mtoto kliniki.

Ufukweni, tangu aliposhuka, mambo yalikwenda kombo. Mchanga hauna hatua. Unakanyaga hapa, mguu unatokea pale. Jua lilikuwa juu ya maji na juu ya mchanga, kila kitu kikawa cheupe kama shuka iliyoanikwa usoni. Mwanawe alifunga turubai la buluu kati ya pikapu na mti ili wapate kivuli, wakatandika mkeka chini yake. Mama Karai alilishika hilo turubai kwa akili: palipo na buluu, ndipo nyumbani.

"Kaa, mama," alisema fundi umeme. "Leo pumzika."

Alikaa. Akasimama. Akasogeza ndoo, akairudisha ilipokuwa. Akaukunja mkeka pembeni, akaukunjua. Akauliza saa ngapi, na kabla hajajibiwa akauliza tena.

"Bibi, umekalia siafu?" aliuliza Kasuku.

"Nimekalia maneno yako. Lete kiberiti."

Mkaa ulipowaka akabandika karai, akamimina mafuta, akadondosha chembe ya unga kusikiliza. Hakusikia kitu. Bahari ilikuwa inaunguruma mbele yake, upepo unapiga turubai pwata pwata, watoto wa watu wanapiga kelele majini. Aliinama zaidi, mpaka joto likamshika shavu.

"Mama, unatafuta nini humo?" aliuliza mwanawe. Alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Nanusa. Kaa mbali, unanizibia hewa."

Akatumbukiza samaki wanne. Makelele ya mwanzo aliyapata, kwa mbali, kama mtu anayeita ng'ambo ya barabara. Baada ya hapo, bahari tupu. Yananung'unika? Yananong'ona? Yanaungua? Aligeuza kwa kubahatisha, akaopoa kwa hofu, akawapanga kwenye sinia na kujifanya anapanguza mikono.

Kasuku ndiye aliyeuma wa kwanza. Akaacha kutafuna. Akamtazama mama yake, akamtazama baba yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akakosa la kusema. Fundi cherehani akachukua kipande, akakifungua. Kwenye mwiba kulikuwa na damu.

Miaka thelathini na miwili, jambo hilo halijatokea hata mara moja.

"Mama," alisema fundi umeme, taratibu.

"Bahari inapiga kelele," alijibu Mama Karai.

Kasuku akacheka, akidhani ni utani. Mwanawe hakucheka. Lakini mkewe, ambaye tangu asubuhi alikuwa akimtazama mama mkwe wake anavyoinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza mwewe, akainuka na kumimina mafuta kwenye kopo.

"Pale nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo kuna ukuta," alisema. "Hakuna upepo. Nitakubebea jiko na mafuta, mama."

Mama Karai hakumshukuru. Alichukua karai, akachukua wale wanne wa aibu pamoja na kumi waliobaki, akafuata nyuma ya kanga ya mkamwana. Kule nyuma alimwambia, "Rudi kwa mwenzio. Siwezi kukaanga na mtu akinipumulia shingoni."

Akabaki peke yake na ukuta. Alidondosha unga. Chaa. Akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Samaki wakaingia, mafuta yakapiga makelele yao ya kawaida, yakanung'unika, yakanong'ona, akageuza. Mmoja baada ya mwingine walitoka wakiwa wakavu nje na laini ndani, wale wanne akawarudishia moto wakanyooka. Alivunja pezi moja, likalia kama kijiti. Akatabasamu mwenyewe. Haya, aje sasa aseme macho yamechoka.

Alijitwika sinia, akatokea mbele ya ukuta, akatafuta buluu. Akaiona, ile pale, akaiendea moja kwa moja, shingo imenyooka.

Asilolijua ni kwamba jua lilikuwa limehama, na mwanawe akalifungua turubai kulipeleka upande wa pili wa pikapu. Buluu aliyoiona yeye ilikuwa hema la watu wengine.

Alitua sinia katikati ya mkeka.

"Haya, kuleni mnyamaze. Asiyenawa mikono asinigusie samaki. Na wewe Kasuku, mwite baba yako. Mwambie aje aone macho yaliyochoka yamekaanga nini."

Sauti nzito ya mwanamume, ya adabu sana, ikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu. Hiyo haikuwa sauti ya mwanawe. Hiyo haikuwa sauti ya mtu yeyote anayemjua. Lakini Mama Karai si mtu wa kukubali kirahisi. Akajikaza.

"Nimewaona mnatafuna mikate mikavu sikukuu yote hii, nikasema niwaletee kitoweo."

"Lakini bibi," ikasema sauti ya mtoto, "sisi tunakula kuku."

Nyuma yake mchanga ulilia, na hatua hizo alizijua bila kuhesabu.

"Mama," alisema fundi umeme. "Sisi tuko kule."

"Najua mko wapi."

"Twende, basi. Nichukue sinia?"

"Acha. Chakula nikishakitua sikinyanyui." Akawageukia wale watu. "Kuleni. Ndimu ziko pembeni."

Mwanawe alinyoosha mkono amshike kiwiko, mama yake akausikia, akaukwepa. "Usinishike. Tangulia."

Akatangulia. Lakini hakutembea kama anavyotembea siku zote. Aliburuta kandambili zake, shwaa, shwaa, njia nzima, na mama yake akaifuata sauti ile mpaka mkekani. Hakuna aliyelitaja.

Walikula mkate na nanasi. Mama Karai alikunja ncha ya kanga, akaikunjua, akaikunja. Mwishowe aliuliza yeye mwenyewe, maana kusubiri kulimchosha kuliko jibu.

"Na karai?"

"Linapumzika," alisema mwanawe. "Mpaka daktari aseme."

"Aseme nini? Yeye anajua kukaanga?"

"Ni mtoto wa jicho tu, mama," alisema fundi cherehani. "Yule bibi ninayemshonea magauni alisafishwa hospitali ya rufaa. Sasa anatunga uzi kwenye sindano, ananicheka mimi ninayevaa miwani."

"Ukishasafishwa, funguo za kibanda unazo wewe," alisema mwanawe. "Sitauliza tena. Twende Jumatatu."

Mama Karai alihesabu siku kwa vidole. "Jumatatu samaki wanaingia wengi. Jumanne."

"Jumatatu."

"Jumanne, na karai lilale chumbani kwangu. Asilisugue mtu."

Fundi cherehani akaangalia pembeni, midomo ikimcheza.

Hapo yule mwanamume wa hema akaja na sinia. Walikuwa wamerudisha samaki sita, na juu yake mapaja mawili ya kuku. "Mama, samaki wa namna hii sijawahi kula. Unauzia wapi? Wiki hii nije na wenzangu wa kazini."

Mama Karai aliinua uso kuelekea sauti ilikotoka, akaweka kanga sawa kichwani.

"Stendi, kibanda cha mwisho. Lakini wiki hii usije. Nina safari." Akapapasa sinia, akampa Kasuku samaki mmoja mkononi. "Njoo ile ya pili yake. Nataka nikuone."