Mstari wa Kumi na Mbili Umepogolewa na Nani?

Saa moja asubuhi, Mama Mkasi amesimama katikati ya shamba la zabibu, mkasi wa kupogolea mkononi, na haelewi kitu. Mstari alioujia umeshapogolewa. Kila tawi limeachiwa macho mawili ya kuchipulia, vilevile anavyofanya yeye, na vipande vimerundikwa vizuri pembeni.

"Mara ya tatu wiki hii," anasema. "Ama nimeufanya jana nikasahau, ama nakuwa mwehu."

Hapa ni nyumba kumi na moja, duka moja na ghala la mvinyo, na msitu umevizingira kila upande. Mgeni akipiga chafya mwanzo wa kijiji, anaombewa afya mwisho wa kijiji. Mtu wa kuja kupogoa kwa siri angetokea wapi?

Mama Mkasi ana miaka hamsini na minane, thelathini na mmoja kati yake ameimaliza kwenye mizabibu hii. Kwa siku hupogoa themanini, kwa ujira unaotosha unga, mafuta na dawa za mumewe. Marehemu mama yake alianza hivihivi, kwa kusahau vitu vidogo, akaishia kutowajua wanawe. Hofu hiyo ndiyo inayomla.

Tena ameshaharibu. Juzi, kwa kutojiamini, aliurudia mstari wa kumi na mbili, aliokuwa ameukuta tayari umepogolewa, akakata juu ya mkato mpaka macho yakaisha. Mizabibu ishirini na sita haitazaa msimu huu, na msimamizi wa shamba bado hajui.

Mwandishi wa makala hii, asiyejua mzabibu wala mkasi, anauliza swali la kijinga: mbona mikato ya mstari huu imelalia kushoto, na ya mistari aliyoipogoa Mama Mkasi imelalia kulia?

Mama Mkasi anainama. Anagusa tawi la kwanza, la pili, la tatu. Kisha anakaa palepale kwenye umande.

"Huyu anatumia mkono wa kushoto."

Afadhali, akili zake zimo. Lakini sasa anachanganyikiwa upya, maana kijijini hakuna mpogoaji mwenye mashoto. Aliyemfundisha kazi ni mumewe, na mkono wa kulia wa mzee huyo umelala tangu apate kiharusi miaka miwili iliyopita. Anapitisha nyumba moja moja kichwani. Akifika kwenye yake, anashika njia ya nyumbani.

Mzee ameketi mlangoni. Mkewe hamsalimii, anaukamata mkono wake wa kushoto na kuufunua. Kiganja kimejaa malengelenge.

Mzee anakiri kidogo kidogo. Kila alasiri, mkewe akienda ghalani kuosha mapipa, yeye hujikongoja mpaka shambani.

"Nilitaka kwanza nijue kama bado ni mtu wa kazi, mke wangu."

"Na mimi ulitaka niwe kichaa?"

Mama Mkasi anacheka, halafu analia, halafu anamkaripia kwa kutoka bila sweta. Mwenyewe hajui kama amefurahi au amekasirika.

Kesho atakwenda kwa msimamizi. Ataungama habari ya mstari wa kumi na mbili, na ataomba mzee apewe mistari yake, waziwazi, mchana kweupe.

Msimamizi akikataa je?

"Basi atufukuze sote wawili," anasema, akiupaka mkono wa mumewe mafuta. "Nitaondoka na akili zangu."