Matabishi

Papa alisema pesa ya egzame, mtihani wa kumaliza shule, haipo, nitafanya mwaka kesho. Alisema hivyo huku anafunga viatu, kama mtu anayeniambia mvua itanyesha. Sikulia. Nilikasirika, na mimi nikikasirika sina adabu: nilimwambia nitailipa mwenyewe. Akacheka.

"Na pesa ya wapi, mama?"

Aliuliza haki yake. Sikuwa na beseni wala mtaji. Nilikuwa na kaye moja tu, daftari la shule, na ndani yake hadithi niliyoitunga ya msichana wa mwaka wa sita wa sekondari, kama mimi, anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, ili alipe egzame. Nikaipeleka kwa jirani yetu pale Bagira, maman aliyesuka watu nywele katika chumba chake cha mbele. Mtu anayesukwa anakaa masaa manne, shingo imeinama, simu imekwisha chaji. Nikamwambia nitawasomea wateja wake, kila mmoja atoe kidogo. Akakubali.

Siku za kwanza zilienda vizuri. Halafu nikachoka, nikatafuta njia ya mkato: msichana wangu akaokota bahasha barabarani, imejaa dola.

Ee, fujo ikazuka!

"Ya kuokota?" alifoka maman mmoja aliyeuza sambaza kweli, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. "Miaka yote natembeaka mu njia, siyaokotaka hata kifungo! Mutoto huyu iko muvivu, ao wewe njo muvivu?"

Wengine wakacheka. Yeye hakuwa amemaliza.

"Na tena hatoaka matabishi. Anapima, anapokea pesa, basi. Nani atarudi kununua kwake?"

Matabishi ni kile kidogo ambacho muuzaji anaongeza juu ya kipimo, bure. Nilikuwa nimekula matabishi maisha yangu yote bila kujiuliza yanafanya kazi gani.

"Haiko zawadi," akanieleza. "Unamutolea mutu ili arudi kesho."

Siku hiyo hakuna aliyelipa. Nilirudi nyumbani nimevimba, nikachana ukurasa wa bahasha, na kwa kuwa wale wamama walisema kweli, nikakasirika zaidi. Nikaandika upya. Msichana akaamka mapema, akashuka ziwani, akajifunza kuongeza konzi ndogo juu ya kila kipimo. Wamama wakaanza kulipa tena, na kunirekebisha vilevile. "Sambaza ikibakia anaanika, hatupi!" Nikaandika: akaanika. Wiki baada ya wiki nilisoma mpaka sauti ikakauka.

Siku ya mwisho ya kulipa shuleni ilikuwa Ijumaa. Alhamisi nikasoma sura ya mwisho: msichana analipa egzame yake. Wakapiga makofi. Mwenye saloni akatoa kitana mdomoni.

"Na wewe, ulishalipa?"

Sikutaka kusema. Niliona haya, na haya yenyewe iliniudhi.

"Inabakia robo," nikasema.

Muuza sambaza akafungua fundo la kitenge chake, akaninyooshea noti. Nikarudi nyuma. Machozi yalikuwa karibu na sikutaka wayaone.

"Hapana, maman. Nyinyi wenyewe mulinikataza pesa ya kuokota."

"Nani ameangusha?" Akanishika mkono, akaufumba juu ya zile noti kwa nguvu. "Wewe nawe, kichwa ngumu! Hii iko matabishi. Kesho urudi."

Nililipa Ijumaa asubuhi. Papa aliiangalia risiti mbele na nyuma, hakucheka. Mchana nilikuwa saloni na kaye mpya, ndani yake sentensi moja tu. Nikaisoma.

Muuza sambaza akasikiliza, akanyoosha kiganja kama anavyofanya mnunuzi mbele ya beseni.

"Ongeza," akasema.