Kamera ya Mtu Anayekaa Sebuleni

Mama alifariki Jumanne asubuhi. Kufika mchana tulikuwa tumeshajua kwamba hatuna picha yake hata moja.

Sisemi picha nzuri. Nasema picha.

Nyumbani kwetu Ukonga picha zimejaa ukutani. Kipaimara cha kaka yangu Wilfred. Mahafali yangu ya kidato cha nne. Baba ameegemea lori, enzi zake za udereva. Mama hayumo popote, kwa sababu zote alizipiga yeye.

Na msiba bila picha haukai. Kwetu mjukuu anaibeba kifuani, anatangulia, jeneza linamfuata.

"Kwenye simu yake hazikosi," Wilfred akasema.

Lakini simu ilikuwa imefungwa kwa pateni, na aliyeijua ndiye tuliyekuwa tunamlilia. Wilfred akaipeleka kwa fundi Manzese. Jioni akarudi nayo.

"Imefunguka," akasema.

Ilikuwa imefunguka kweli. Fundi alikuwa amefuta kila kitu. Ilikuwa tupu kama siku ilipotoka dukani.

Wilfred akachimba kwenye grupu la ukoo, akaibuka na picha ya zamani ya harusini. Mama kavaa kitenge cha zambarau na kilemba, kainama kidogo, ukunguukungu. Studio wakaikuza, wakaitia fremu ya dhahabu.

Siku ya mazishi watu walilia, jamani. Kina mama wa jumuiya waliishika ile fremu, wakawa wanaongea nayo. "Flaviana, umetuacha na nani?" Padri akainyunyizia maji ya baraka.

Tuliporudi kutoka makaburini, mama mdogo Yuliana, anayemfuatia mama kuzaliwa, akanivuta pembeni.

"Jeni mwanangu, kile kitenge ninacho."

"Kitenge gani, mama mdogo?"

"Cha kwenye picha. Yule ni mie."

Nikaiangalia fremu. Nikamwangalia yeye. Nikairudia fremu.

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje, na Padri ameshaninyunyizia?" Akajifuta macho na ncha ya khanga. "Halafu watu walikuwa wanalia vizuri."

Nikaenda kwa baba. Alikuwa amekaa kwenye kochi lake sebuleni, kofia magotini.

"Baba, ile picha uliiona?"

"Niliiona. Nimeishi na mama yako tangu Masasi, nisiijue sura yake?"

"Ukanyamaza."

"Wilfred alikuwa amehangaika sana."

Siku ile nilijiapiza. Baba hatakuja kutanguliwa na sura ya mtu mwingine. Nitapata picha yake angali hai, ya uso wake mwenyewe, inayoonekana.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Nikiinua simu, baba anafunika uso na kofia. "Unanipima jeneza? Bado sijafa."

Nikimvizia anakula, anahama na sahani yake.

Wilfred akajaribu kwa utani. "Mzee, ni selfi tu hii."

"Hata mama yenu mlisema ni malaria tu."

Wilfred akarudisha simu mfukoni. Hakuna aliyejaribu tena mwezi ule.

Nikawa nawaza. Simu yenyewe baba anaiogopa. Ndiyo iliyoleta habari ya kifo kutoka hospitali, ndiyo iliyofutwa Manzese. Nikasema basi, nitanunua kamera. Kamera kamera, isiyopigiwa na mtu.

Nikaenda Kariakoo, kwenye duka la kijana anaitwa Stanley. Akanitolea limashine leusi, lenzi ndefu kama chupa ya chai.

"Sista, hii mwezi unauona mpaka nyufa."

"Mie nataka ya kumpigia baba picha."

"Anakaa mbali?"

"Anakaa sebuleni."

Stanley akairudisha kabatini taratibu.

"Simu yako si ina kamera tatu hapo nyuma?"

"Ina pateni."

"Toa pateni."

"Kaka, nina msiba. Niuzie kamera."

Akaniletea kiti. Baada ya hapo tuliongea kama watu.

Nikamweleza ninachotaka. Isiwe na neno la siri. Picha zikae kwenye memori kadi inayochomoka, ili kamera ikifa picha zibaki. Kitufe kiwe kimoja na kikubwa, maana vidole vya baba ni vya usukani. Kioo cha nyuma kiwe kipana. Iingie kwenye mfuko wa shati. Na gizagiza la sebule yetu iliweze, maana dirisha letu limetazamana na ukuta wa jirani.

"Megapikseli ngapi?" Stanley akauliza.

"Za kumtosha mtu mmoja."

Akatoa kidude cha rangi ya fedha, cha mtumba, kimechubuka pembeni. Akakijaribu chini ya kaunta kwenye giza, akanionyesha. Kandambili zake zilionekana vizuri. Nikakichukua.

Nyumbani sikumwelekezea baba. Nilikiweka mezani, nikaendelea kuchambua mchicha.

"Hii ya nani?" baba akauliza.

"Ya nyumba."

"Ina mambo ya kufunga na kufungua?"

"Haina."

Akakishika. Akakigeuza. Akabonyeza.

Ikawa ndiyo imetoka. Baba alipiga picha kuku, geti, tanki la maji, Wilfred amelala mdomo wazi. Nilipochomeka ile kadi kwenye kompyuta, nilikuta kuku wetu wameachiwa kumbukumbu nzuri kuliko mama. Baba mwenyewe hayumo hata moja.

Nilikuwa nimenunua kamera ili nimpate, kumbe nimemnunulia pa kujifichia.

Jumapili moja baada ya misa nikamwomba. "Baba, lete nikupige na wewe."

"Hapana. Atakayenipiga ni mie mwenyewe. Nikijipiga haiwi ya jeneza."

Wilfred akamwonyesha taima. Unabonyeza, kitaa kinawaka kinazima, una sekunde kumi za kwenda kusimama na wenzako. Baba akalisikiliza jambo hilo kwa makini ya mtu anayeonyeshwa njia ya mkato.

Akatupanga ukutani mimi, Wilfred na mama mdogo Yuliana. Akaweka kamera juu ya kreti za soda. Akabonyeza. Akakimbia.

Sasa, goti la kushoto la baba liliishia kwenye klachi ya lori. Sekunde kumi kwake ni nusu ya safari.

Chwaa.

Tukaenda kuangalia. Sisi watatu tunacheka, tena mpaka magego yanaonekana, mara ya kwanza tangu msiba. Mbele yetu kuna mgongo wa shati jeupe.

"Rudia, baba."

Akarudia. Mgongo. Akarudia tena. Mgongo na kofia inaanguka.

"Shemeji, kaa, mie nitabonyeza," mama mdogo akasema.

Baba alikuwa amekiinamia kile kioo, anatuangalia mmoja mmoja, muda mrefu.

"Kumbe mama yenu alikuwa anatuona hivi," akasema.

Mama mdogo akaingia ndani kuangalia wali, ambao ulikuwa umeshaiva tangu kabla ya misa.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukienda kununua kamera ya familia, mambo ya megapikseli mwachie muuzaji. Wewe jiulize ni nani nyumbani kwenu atakuwa anaishika kila siku. Ukishamjua, hakikisha kuna siku mtu atamwambia leta hiyo, kaa na wewe. Akikataa, mwombe tena wiki ijayo.

Mimi naomba kila wiki. Baba anakataa. Kila Jumapili tukitoka kanisani anapanga kreti, anatusimamisha ukutani, anabonyeza, anakimbia.

Bado hajafika.