Dua ya Nyumba kwa Nyumba

Mama yangu aliponiita kwa jina la dada yake aliyekwishafariki, nikasema basi, akili imeanza kumtoka. Nikamwambia palepale kwamba kesho namtoa Ujiji, anahamia kwangu Gungu, atake asitake. Akaguna tu. Nikalala kwake ili asubuhi tufungashe.

Alfajiri nikamsikia anaongea kwenye msala. Alikuwa ameshaanza. Nikatega sikio nyuma ya pazia. Kumbe anawaombea majirani, nyumba kwa nyumba, akishuka mpaka ziwani: walio hai afya, waliokufa rehema. Kila mtu kwa jina lake, na wanawe, na mkwe aliyetoka Rusimbi, na kitoto kilichozaliwa juzijuzi. Hata nyumba zilizobomolewa kabla sijaolewa, yeye aliingia humo akawataja wenyewe. Jamani! Mimi niliyetia chumvi mara mbili kwenye samaki wa migebuka jana yake, ndiye wa kumpima huyu?

Mara akakwama. Nikajisemea: haya sasa. Akainuka, akafungua mlango, akasimama kizingitini akiitazama njia inayoteremka, midomo ikipita mlango mmoja mmoja. "Ahaa!" Akacheka peke yake, akataja jina, akarudi kwenye msala kumalizia dua.

Wakati wa chai nikamwuliza dua ile kafundishwa na nani.

"Mama yangu aliomba hivyo, nami naomba hivyo. Jirani usiyemtaja utamjuaje?"

"Na jana mbona ulinikosea jina?"

"Si ulipita hapo mlangoni kwa mwendo uleule wa dada yangu! Kuteleza si kuanguka, mwanangu." Akapuliza chai. "Sasa huko Gungu nikikwama, nifungue mlango nimwone nani?"

Begi lake nililokwisha kulitoa nikalisukuma uvunguni kwa mguu, naye akajifanya haoni.

"Unajua huwa naanza na nani?" akaniuliza. "Naanza na wewe. Siku ukisikia nimeanza na mwingine, nifungashie. Nitakuja, wala sitabisha."

Basi mimi ndiye niliyehamia kwake. Kila alfajiri naamka kabla yake, nasimama nyuma ya pazia nimebana pumzi, mpaka nisikie jina langu.