Nilivyogeuka Mshenga wa Watu Nisiowajua

Najua mmeshaisikia. Hapa Miembeni, Bukoba, kila mtu anaisimulia kivyake, na mke wangu Zaituni ndiye mbaya kuliko wote kwa sababu yeye husema nilikwenda Muleba kutafuta mke wa pili nikakosea nyumba. Si kweli, nilikwenda kupima madirisha. Lakini sikatai kwamba mchana ule nilikaa mbele ya ukoo mzima nimevaa kanzu na koti, nikamposea kijana nisiyemjua binti nisiyemjua, kwa masharti ambayo sikuyaelewa, na watu wakashangilia. Aibu yake ninayo mpaka leo, kwa hiyo afadhali niiseme mwenyewe.

Kazi yangu ni kushona mapazia. Mama mmoja alikuwa amemaliza kujenga Muleba, nyumba ya madirisha makubwa makubwa, akanipigia niende nikapime. Asubuhi nikachukua futi yangu nataka kutoka na shati langu la kila siku, Zaituni akanisimamisha mlangoni. "Baba Rama, huyo mama ni mtu mzito, usiende kama unakwenda kununua dagaa. Vaa kanzu na lile koti jeusi." Nikavaa. Hata kofia nikavaa. (Sasa akiulizwa anasema yeye hakutaja kofia.)

Nafika stendi ya Muleba, mvua ndiyo kwanza imekatika, namwona bibi mmoja amesimama peke yake kando ya kikapu kikubwa kilichofunikwa majani ya mgomba. Anakiinua kidogo, anakirudisha chini, anapumzika, anakiinua tena, na watu wanampita tu, kila mtu na haraka zake. Mimi pia nilikuwa na haraka. Lakini nikamsalimia, "Shikamoo bibi, nikusaidie mpaka wapi?" akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, uso ukamchangamka, akanyoosha mkono kuelekea migombani na kusema, "Hapo tu."

Basi nikakibeba. Kilikuwa na samaki, aliwafuata kwa wachuuzi wanaotoka visiwa vya ziwani, na walikuwa bado wanachuruzika maji, yakawa yananiingia begani na kushuka kwenye koti polepole. Na ile "hapo tu" tuliipita kitambo, tukaacha barabara, tukaingia kwenye kibanja cha mtu, migomba mitupu, tukatokea kwenye kahawa za mwingine, mimi najiambia nikishatua mzigo nitakimbia kwa mama wa madirisha.

Njia nzima bibi alikuwa anaongea Kihaya, na hapa inabidi niwaeleze jambo. Babu yangu alitoka pwani akaja Bukoba, akaoa hapa hapa, baba kazaliwa hapa, mimi nimezaliwa hapa, lakini nyumbani tulilelewa kwa Kiswahili, na Kihaya changu ni cha kusalimia na kununulia ndizi. Sasa mtu mwenye ndevu kama zangu, mzaliwa wa Bukoba, kumwambia bibi kizee kwamba hukuelewa alichosema, inauma. Kwa hiyo nina kawaida yangu: mtu mzima akiongea, naitikia "eego, waitu", yaani ndiyo, tena kwa heshima, na siku nyingi inatosha. Bibi akauliza kitu, nikasema eego, waitu. Akauliza kingine akionyesha nyuma tulikotoka, nikasema eego, waitu. Akafurahi, akanishika mkono, tukaendelea.

Tulipokaribia kwake nikaona turubai limefungwa uani, viti vimepangwa, na sebuleni, maana mlango ulikuwa wazi, majani mabichi yametandazwa chini vizuri. Nikajua kuna shughuli, nikasema afadhali, kuna vijana wa kupokea kikapu. Bibi akapaza sauti maneno machache. Ghafla watu wote wakasimama. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu mmoja akanipokea samaki, mwingine akanishika bega, "Nyegera, nyegera," yaani karibu, na mimi nachekacheka tu, najiuliza hivi watu wa huku wakibebewa kikapu ndivyo wanavyoshukuru?

Wakaniketisha kiti cha mbele, chenye kitambaa. Nikaletewa zile buni za kutafuna, zimepangwa kwenye kikapu kidogo, nikatafuna. Alikuja mzee mmoja mnene mpole, akajitambulisha kwamba ni Projestus, na huyo bibi, Bibi Koku, ni mama yake. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Mzee wangu, nashukuru sana, ila mimi ningeomba niage, kuna mahali nasubiriwa." Akanipigapiga goti, "Tunajua, tunajua. Hatutakuchelewesha. Wenzako watatukuta tumeshamaliza." Wenzangu? Nikageuka nyuma kutazama. Hakukuwa na mtu.

Nilipaswa kuuliza hapo hapo. Najua. Lakini ukishakaa kiti cha mbele, umeshatafuna buni, wazee wamekuelekea na koti lako linanuka samaki mpaka wewe mwenyewe unajisikia, kuuliza "samahani, hapa kuna nini" kunakuwa kugumu, na kila dakika unayokaa kimya kunazidi kuwa kugumu. Nikasema labda ni kikundi cha majirani, labda wanataka kuniombea dua ya safari.

Mzee Projestus akasimama, akaanza kuongea Kihaya kirefu, kizuri, cha taratibu, watu wametulia kabisa. Katikati nikaambulia neno "ente", na hilo nalijua, ni ng'ombe. Akamaliza, akanitazama. Hata wanawake waliokuwa wanapaa samaki walisimamisha visu.

"Eego, waitu," nikasema.

Mnajua vigelegele vya mtu aliyekuwa haamini? Ndivyo vilivyopigwa. Mzee mwenyewe alionekana kushtuka kidogo, akatazamana na wenzake, wakanong'onezana, akarudi na maneno mengine marefu zaidi, safari hii anaonyesha ndani ya nyumba, anaongea kama mtu anayejiandaa kukataliwa. Nikamtazama Bibi Koku ameketi kwenye mkeka. Alikuwa amefumba macho, mikono ameikunja kifuani, midomo inamchezacheza. Sikuelewa ni nini, lakini nilielewa kwamba bibi yule analitaka jambo hilo kuliko kitu chochote, na mimi nimembebea samaki wake, basi ningemnyima nini tena?

"Eego, waitu. Eego."

Bibi akalia. Ndani ya nyumba nako nikasikia mtu analia, sauti ya msichana, kisha wakatoka wanawake wakicheza, mmoja akaja kunipangusa jasho kwa khanga yake, na mimi hapo ndipo nikaanza kuogopa kweli kweli, kwa sababu hakuna mtu duniani anayeshangilia namna ile kwa ajili ya kikapu.

Wakati huo huo zikaingia gari mbili zimejaa tope mpaka kwenye vioo. Wakashuka wanaume wamevaa kanzu na makoti meusi kama mimi, wakiomba radhi kwamba barabara ya kutoka Ngenge imewatesa, na aliyetangulia, baba mmoja mrefu mwenye miwani, akanyooka moja kwa moja mpaka mbele. Akafika kwenye kiti. Kitini nimo mimi. Tukatazamana, kanzu kwa kanzu, koti kwa koti.

Mzee Projestus akamwambia kwa furaha, "Karibuni, mshenga wenu ametangulia, tumeshaelewana yote."

"Mshenga ni mimi," akasema yule wa miwani.

Wote wakanigeukia. Mzee Projestus akaniuliza, sasa kwa Kiswahili, taratibu, kama anamuuliza mgonjwa, "Sasa ndugu yetu, wewe ni nani?"

"Mimi ni mtu wa mapazia," nikasema.

Nilikuwa na mengi ya kuongeza, lakini simu ikaita, na kwa haraka nikabonyeza ile sauti ya nje, mama wa madirisha akasikika uani kote. "Fundi, mbona hufiki? Uko wapi?"

"Niko kwenye uchumba, mama."

"Uchumba wa nani?"

"Sijui."

Akakata. Kuna kijana upande wa wageni alianza kucheka, akabanwa kiwiko na jirani yake, akanyamaza. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo Mzee Projestus akanieleza, na nikiwaambieni sikuelewa mara ya kwanza, muamini. Mjukuu wa Bibi Koku, Editha, anaolewa na kijana wa Ngenge. Mshenga wa kwanza wa upande wa kijana aliugua, nyumbani kwa bibi wakaletewa taarifa kwamba atakuja mwingine, mtu wa Bukoba mjini ambaye hawamjui. Bibi kunikuta stendi na kanzu na koti, akaniuliza njiani kama mimi ndiye ninayekuja kwa ajili ya mjukuu wake, nikasema ndiyo. Akauliza kama wenzangu wako nyuma, nikasema ndiyo. Nilipofika mbele ya ukoo nikaulizwa kama upande wa kijana utaongeza ng'ombe mmoja waliyekuwa wanambishania tangu mwanzo, nikasema ndiyo. Kisha nikaulizwa kama watamwacha binti amalize masomo yake ya uuguzi kwanza ndipo aolewe, jambo ambalo upande wa kijana ulikuwa umelikataa kila lilipoletwa, na hilo nalo nikalikubali, tena kwa kurudia.

Yule wa miwani alikuwa amechemka. "Maneno ya mpita njia hayatufungi. Tuanze upya." Na alikuwa na haki, mimi mwenyewe nilimuunga mkono, nikasimama nikasema ndugu zangu nisameheni, sijui Kihaya, niliitikia kwa heshima tu, nafuta kila kitu. Nikaanza kutafuta viatu vyangu nikiwa nimevivaa.

Bibi Koku akainuka kwenye mkeka. Akasema maneno machache, na mzee akayatafsiri huku anatazama chini. "Anasema mgeni wake haondoki na njaa. Anasema stendi nzima ilimpita, huyu akasimama."

Basi wakaniongezea kiti kando, wakanivua koti wakalianika kwenye kamba, kijana yule yule aliyecheka akaniletea maji ya kunawa na kusema, "Pole, mzee, hata mimi ningechanganyikiwa." Nikapewa ndizi na wale samaki niliowabeba, na senene, wale panzi wetu wa kuliwa, waliokaangwa vizuri, nikala nimeinamisha kichwa, na mbele yangu majadiliano yakaanza upya. Nilidhani wataanza kwa ng'ombe. Baba wa yule kijana anayeoa akauliza tu, "Yale masomo yamebaki muda gani?" Akajibiwa. Akakaa. Akamwita mwanawe pembeni, wakazungumza chini ya turubai, kijana anatikisa kichwa, mara anaitikia, mara ananitazama mimi (kwa nini mimi?), wakarudi. Ng'ombe walimkataa katakata. Masomo wakayakubali.

Sasa mimi hapo niliwaza nini? Sijui. Mzee Projestus aliponisindikiza barabarani na mkungu wa ndizi begani mwake, kwa sababu alikataa katakata niubebe mwenyewe, aliniambia kwamba jambo likishashangiliwa na akina mama wote wale, kumnyang'anya bibi ile furaha mbele za watu kunahitaji roho ngumu, na baba wa kijana hana roho ngumu. Lakini mshenga wa miwani aliponipita garini hakunipungia hata mkono. Kwa hiyo nilisaidia au niliharibu? Niliwadanganya watu au niliwafanyia wema? Nimeliwaza upande huu na upande huu na bado sipati jibu.

Kwa mama wa madirisha nilifika jua limeshapungua, nanuka moshi na samaki, akanifungulia, akanisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu. Alikuwa ameshaita fundi mwingine. Ila aliniita ndani nikanywa chai, akamwambia dereva wake anirudishe mpaka stendi, na mkungu akaupakia mwenyewe.

Editha nilimwona baadaye. Alipita dukani kwangu akiwa na begi anarudi chuoni, msichana mwembamba, sauti ya chini, nikamtambua tu aliposema bibi anakusalimia. Nikamuuliza lile swali ambalo nilikuwa nalo muda wote, kama alifurahi au nilimwingilia maisha yake. Akasema, "Baba, mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, hata nguo za chuo nilikuwa nimeshagawa. Nilipokusikia kutoka ndani nilidhani ni mchumba wangu Evodius amewabadilisha mawazo watu wa kwao. Kumbe hata yeye hakujua." Kisha akacheka na kulia kwa pamoja, nami nikamtolea kiti, nikamkatia kipande cha pazia la dirisha la bwenini.

Mizigo ya watu nitabeba, hilo siachi. Lakini nimeapa, na Zaituni ni shahidi: mtu yeyote akinisemesha neno ambalo silielewi, awe bibi, awe mzee, hata kama watu wote wamesimama wananisubiri, nitameza aibu yangu na kumwambia, samahani, sijaelewa, niambie tena polepole.